Tairi za kubadilisha au magurudumu ya pili? Jibu kwa msomaji wa Bamburi

Msomaji mmoja wa Bamburi, Mombasa, ameniandikia hivi:

"Assalamu alaikum fundi. Nina baiskeli ya mlima ya inchi 29, niliinunua ya mtumba. Ina breki za diski za waya na gia 8 nyuma. Jumatatu hadi Ijumaa naenda nayo kazini mjini kupitia daraja la Nyali, na siku hizo natia tairi laini za milimita 40. Jumamosi tunatoka na wenzangu hadi kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo, njia za mchanga na mawe, na huko nataka tairi za meno za inchi 2.2. Kwa hivyo Ijumaa usiku navua na kuvisha, Jumapili usiku navua na kuvisha tena. Mwezi uliopita nimepata pancha tatu, zote Jumatatu asubuhi, moja katikati ya daraja nikiwa nimeshachelewa. Binamu yangu aliye Sweden ananiambia niache kujitesa, ninunue magurudumu ya pili kama yeye. Jirani yangu naye anauza magurudumu ya inchi 26. Nifanyeje?"

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Nakupa jibu kwanza, sababu zitafuata: nunua gurudumu moja tu, la mbele. La nyuma livalishe tairi ya wastani na usilivue tena mpaka tairi iishe. Magurudumu ya jirani yaache.

Lakini kabla ya kununua chochote, tuzungumze hizo pancha, maana ndizo zilizonishughulisha zaidi katika barua yako. Pancha tatu kwa mwezi ni jambo la kawaida kwa mtu anayepita kwenye mkonge, kwa kuwa kila jani lina mwiba mgumu kwenye ncha, na majani makavu huanguka njiani. Lakini mwiba ungekutoboa Jumamosi, kule kule shambani. Zako zinatokea Jumatatu, siku ya kwanza baada ya kuvisha tairi. Hapo mimi nashuku kazi ya Jumapili usiku.

Tyubu yenyewe itakwambia. Itie hewa, itumbukize kwenye karai la maji, tafuta shimo, kisha angalia liko upande gani. Shimo likiwa upande unaogusa tairi, kuna kitu kilichoingia kutoka nje. Likiwa upande unaogusa rimu, kosa liko ndani: ama mkanda unaofunika vichwa vya spoki umesogea, ama chuma cha kutolea tairi kimeibana tyubu wakati wa kuvisha. Chuma huacha mkato mdogo, au miwili inayokaribiana, na mara nyingi tyubu haipasuki hapo hapo. Inashika hewa usiku kucha, inakuaga salama nyumbani, halafu inaishia juu ya daraja.

Kuna na sababu ya tatu ya pancha, ingawa hii si ya Jumatatu, ambayo watu wengi hawaifikirii. Ncha ya mwiba ikivunjikia ndani ya raba, inaweza kukaa pale bila kuonekana. Tairi za meno unazivua Jumapili unaziweka, Ijumaa inayofuata unazivisha juu ya tyubu nzima, na ile ncha inaanza kuchimba upya. Kila unapovua tairi, pitisha kitambaa laini cha pamba ndani yake, mzunguko mzima, pande zote mbili. Kitambaa kikinasa, hapo pana mwiba. Utoe kwa koleo ndogo. Usitumie kidole, miiba ya mkonge inaumiza vibaya.

Namna ya kuvisha ni hii. Tia tyubu hewa kidogo tu, ipate umbo la duara. Ingiza valvu kwenye tundu lake. Upande wa mwisho wa tairi anza kuuingiza mkabala na valvu, ukija pande zote mbili kwa vidole gumba, umalizie penye valvu. Watu wengi hufanya kinyume, wanaanzia penye valvu kwa sababu panaonekana ndipo pa kuanzia, kisha upande wa pili tairi inakaza, wanaikimbilia leva, kile chuma cha kutolea tairi. Siri ni kwamba rimu ina bonde katikati, na bonde hilo lina mzingo mdogo kuliko kingo zake. Ukingo wa tairi, wenye waya ndani, haurefuki. Ukiusukumia bondeni mzunguko mzima, unapata nafasi ya milimita kadhaa upande unaomalizia, na tairi nyingi zinaingia kwa mikono mitupu. Ukimalizia penye valvu, valvu haiwi tena kizuizi cha kuuzuia ukingo usishuke bondeni, kwa kuwa sehemu nyingine yote imeshashuka. Ukishavisha, sukuma valvu juu kidogo kisha ivute, halafu zunguka gurudumu lote ukibinya tairi pembeni, uone kama tyubu imechungulia popote. Tia hewa nusu, angalia ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu kama umekaa sawa pande zote, ndipo ujaze.

Fanya hivyo, na naamini pancha za Jumatatu zitakoma. Lakini hata zikikoma, bado unavua tairi mara nyingi mno.

Hesabu na mimi. Unabadilisha mara mbili kwa wiki, tairi mbili kila mara. Kwa mwaka ni tairi 208. Kwa fundi mwenye mkono mwepesi, kila moja ni dakika 15 pamoja na kukagua na kutia hewa. Hiyo ni saa 52 kwa mwaka, nawe huenda zinapita. Na si muda peke yake unaoliwa. Kingo za tairi hulegea na kuchanika, tyubu hukunjwa na kunyooshwa, rimu za alumini hukwaruzwa na leva za chuma. Tairi haikutengenezwa ivaliwe na kuvuliwa kama kiatu. Mimi huwaambia watu hivi: ukibadilisha tairi mara mbili tatu kwa mwaka, badilisha tu, usipoteze pesa. Ikifika mara moja kwa mwezi, anza kufikiria. Wewe uko mara mbili kwa wiki, basi hali hii haifai kuendelea.

Binamu yako basi ana haki, ila sababu yake si yako. Huko Sweden wakati wa baridi watu huvisha tairi za misumari, zenye pini ndogo za chuma kigumu zinazouma barafu. Tairi hizo ni nzito, nyingi ni ngumu kuvisha, na barafu haifuati kalenda: usiku mmoja barabara inaganda, baada ya siku nne imeyeyuka, wiki ijayo imeganda tena. Na kwenye lami kavu misumari inapiga kelele, inamzuia mtu asiende mbio, na inakwisha upesi. Ndiyo maana huko wengi wana magurudumu ya pili yaliyokwisha kuvalishwa, yakingoja. Mtu anaamka, anachungulia dirishani, anachagua.

Sisi barafu hatuna. Tuna masika, na hapa nataka nikuzuie kabla hujaingia kwenye kosa ninaloliona kila mwezi wa Aprili: watu kutia tairi za meno kwa sababu mvua imeanza. Kwenye lami iliyolowa, meno hayasaidii baiskeli. Gari hutaka mifereji kwenye tairi kwa kuwa tairi yake ni pana na mwendo ni mkubwa, maji yanaweza kuiinua juu ya barabara. Tairi ya baiskeli ni nyembamba na ya mviringo, inayakata maji yenyewe kwa mwendo wowote utakaokwenda kutoka Bamburi hadi mjini. Meno yanapunguza raba inayogusa lami, na kwenye kona yanapinda. Masika yakija, baki na tairi laini, punguza hewa kidogo, anza kufunga breki mapema, na jihadhari na mistari iliyopakwa rangi na vifuniko vya chuma vya mitaro. Meno kazi yake ni udongo, matope na changarawe.

Na mchanga? Kwenye mchanga mkavu kama ule wa njia za Vipingo, kinachokubeba zaidi ni upana wa tairi na hewa ndogo. Meno yanasaidia, lakini yanakuja baada ya hayo mawili.

Sasa tuje kwenye gurudumu la nyuma, maana gharama yote imejificha huko. Gurudumu la mbele ni kitu chepesi: rimu, spoki, habu (kile kitovu cha katikati), diski, basi. La nyuma lina hayo yote na juu yake lina kaseti, yaani lile fungu la gia zenye meno, na kaseti haiishi peke yake, inaishi na mnyororo. Mnyororo ukienda umbali mrefu, pini zake zinalika na unarefuka, na meno ya kaseti nayo yanalika yakiufuata, pole pole, mpaka vinazoeana. Ukichukua mnyororo uliotumika mwaka mzima ukautia kwenye kaseti mpya ya gurudumu la pili, utaila kaseti hiyo upesi; na ukinunua mnyororo mpya, kwenye kaseti yako ya zamani utaruka. Unakanyaga kwa nguvu kwenye kilima, pedali inateleza chini ghafla, na goti linagonga usukani.

Pima mnyororo wako kwa rula. Kutoka katikati ya pini moja, hesabu viungo 24 vidogo mpaka katikati ya pini ya mwisho: ukiwa mpya ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha mnyororo. Ukifika 1/8, kaseti nayo imekwisha, na kutia mnyororo mpya peke yake ni kutupa pesa. Huku kwetu, kwa mchanga na hewa ya chumvi, mnyororo unaisha haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa hivyo pima kila mwezi.

Hii ina maana kwamba mwenye magurudumu mawili ya nyuma anatakiwa kuanza na kaseti mbili mpya na mnyororo mpya siku moja, au awe na mnyororo kwa kila kaseti. Kaseti ziwe na meno sawa, 11 hadi 32 kwa mfano, zote mbili, ili urefu wa mnyororo uzifae zote. Na hata zikiwa sawa, habu mbili za viwanda tofauti zinaweza kuiweka kaseti mahali tofauti kwa sehemu ya milimita. Hiyo inatosha kuzifanya gia zilalamike, na kila Ijumaa utakuwa unazungusha kirekebisho cha waya nusu mzunguko, Jumapili unakirudisha. Mtu anayenunua magurudumu ya pili ili apumzike asijitafutie kazi nyingine.

Ndiyo maana nakwambia anza na la mbele. Fikiria kule shambani baiskeli inapokuangusha, inaanzia wapi. Gurudumu la nyuma likiteleza kwenye mchanga, unayumba, unakanyaga, unaendelea. La mbele likiteleza, uko chini. Meno yana thamani kubwa mbele. Nyuma, ambako ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya uzito wako, weka tairi moja ya wastani kwa wiki nzima: upana wa milimita 50 hivi, katikati laini, pembeni meno madogo. Lami haitaichukia na mchanga utaivumilia. Kisha cheza na hewa. Kwa mtu wa kilo 70, siku za kazi tia psi (kipimo cha presha ya hewa) 40 hadi 45 nyuma. Jumamosi ukimaliza lami shuka hadi 28 au 30. Usiende chini ya hapo ukiwa na tyubu, kwa sababu mawe ya matumbawe yana makali na yataibana tyubu dhidi ya rimu. Beba pampu ya kurudishia hewa njiani.

Mbele utakuwa na magurudumu mawili, moja limevaa ile laini ya 40, jingine la meno ya 2.2, na kubadilisha ni dakika mbili, bila leva ya tairi, bila gundi. Usukani utainuka milimita 16 ukitia lile la meno, kwa sababu tairi yake ni ndefu zaidi. Hilo linalegeza pembe ya usukani kwa chini ya digrii moja. Utalihisi mita mia za kwanza tu.

Hili gurudumu la pili la mbele liwe na habu ya upana wa milimita 100 na mhimili wa aina ile ile ya lako. Kama lako ni la kufungua kwa leva ya mkono, usinunue la mhimili mnene wa milimita 15, haliingii kwenye uma wako, ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Diski iwe na kipenyo kile kile. Soma iliyoandikwa kwenye ya kwako, nyingi ni 160. Kwenye breki za waya kwa kawaida pedi moja imesimama na nyingine ndiyo inayosogea, kwa hivyo diski ya pili ikikaa pembeni kwa sehemu ya milimita itakwaruza. Usiirekebishe breki kila wiki. Tia washa nyembamba sana chini ya diski iliyoingia ndani zaidi, mara moja tu, mpaka zote mbili zipite mahali pamoja. Diski mpya ifundishe kazi kabla ya kuiamini: tafuta barabara tupu, kimbia mwendo wa wastani, funga breki taratibu bila kusimamisha gurudumu, rudia mara 20. Na usiishike kwa vidole vyenye mafuta.

Jambo la kubadilisha gurudumu lenyewe ni la zamani. Tairi za hewa za mwanzo ziligandishwa kwenye rimu, na kuziba pancha ilikuwa kazi ya masaa, mpaka ndugu wawili wa Michelin wa Ufaransa walipotoa tairi ya kuvulika mwaka 1891. Mwaka huo huo Charles Terront alishinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi akiwa nazo. Kabla ya gia kuenea, wakimbiaji walikuwa na habu ya nyuma yenye meno pande mbili, wakifika chini ya mlima wanashuka, wanalegeza nati, wanaligeuza gurudumu. Leva ya mkono unayoitumia leo ilitoka kwa Mwitalia Tullio Campagnolo mwaka 1930, aliyechoka na nati hizo.

Leva hiyo wengi wanaitumia vibaya, na kwa breki za diski kosa ni la hatari. Si skrubu ya kuzungusha mpaka ikaze. Unazungusha nati ya upande wa pili mpaka leva, ukiifunga, ianze kukataa inapofika katikati ya safari yake, ikiwa imenyooka sawa na mhimili. Kutoka hapo isukume kwa kiganja mpaka mwisho. Ikiacha alama kiganjani, imefunga. Breki ya diski ya mbele inapokamata, nguvu yake hujaribu kuutoa mhimili kwenye uma, kwa hivyo iliyofungwa nusu inaweza kutoka. Wewe utakuwa unaifungua mara mbili kwa wiki, basi iangalie kila mara kabla ya kupanda.

Magurudumu ya jirani sasa. Rimu ya inchi 26 za baiskeli ya mlima ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi inapokaa, yako ya 29 ni 622. Kwa breki za diski yangeingia, maana breki haiitaki rimu, na najua ndilo lililokuvutia. Lakini ukivisha tairi ya 2.1, baiskeli nzima inashuka karibu milimita 35 ukilinganisha na tairi zako za meno. Pedali zitagonga mawe, na itakuwa kule kule shambani ulikotaka kusaidiwa. Kama angekuwa anauza za 27.5, ambazo ni 584, ningekwambia tufikirie: rimu hizo na tairi ya 2.2 zinafikia urefu unaokaribia sana 29 yako yenye tairi ya 40.

Na namba za inchi zisikudanganye. "28" ya baiskeli nyeusi ya kazi, ile ya Black Mamba inayobeba mikate na madafu, kwa kawaida ni 635. "28" ya baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya ni 622, sawa na 29 yako. Neno moja, rimu mbili tofauti, na tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Soma zile namba ndogo ubavuni mwa tairi, kwa mfano 40-622: ya kwanza upana, ya pili kipenyo. Hizo hazina utata.

Siku utakayohitaji seti kamili utaijua. Ukiamua kuachana na tyubu utie ile dawa ya maji inayoziba miiba ndani ya tairi, hapo magurudumu mawili kamili ni lazima, kwa sababu huwezi kumwaga na kujaza dawa kila Ijumaa. Wenzako wa mkonge wataanza kukushawishi, nawe uwasikilize, ni kinga nzuri kwa miiba ile, ila kwa joto letu dawa hukauka na inataka kuongezwa kila miezi miwili mitatu.

Gurudumu linalongoja liningʼinize ndani ya nyumba, mbali na jua na upepo wa bahari, tairi ikiwa na hewa kidogo. Chagua spoki za chuma kisichoshika kutu, na vile vichwa vyake vidogo viwe vya shaba nyeupe. Vya alumini ni vyepesi na vinapendeza, lakini chumvi ya Mombasa inaviunganisha na spoki mpaka havizunguki tena, na siku rimu ikipinda hakuna fundi atakayeinyoosha.

Ukienda kununua, lifungue gurudumu lako la mbele uende nalo mkononi. Liweke kando ya lile jipya, habu kwa habu, diski kwa diski, usome namba ubavuni mwa tairi zote mbili, ulizungushe uone kama limenyooka, na ubinye spoki mbili mbili mzunguko mzima usikie kama kuna iliyolegea. Ndipo mpatane bei.